Ulimi uliokatwa na Babak: stori ya Wana wa Sasan, matapeli wa barabarani wa Basra na Baghdad

Basra, karne ya 9. Mtu anakuja mlangoni kwako kavaa kama mcha Mungu aliyeikimbia dunia, haongei neno, pembeni yake yupo mwenzake ndo anamsemea, anakwambia huyu ndugu yetu alikuwa mwadhini kule kwenye nchi ya Babak, Babak akamkata ulimi mpaka kwenye shina kwa sababu tu alikuwa anaadhini. Alafu yule bubu anafungua mdomo taratibu kama mtu anayepiga miayo, unachungulia, ulimi huuoni kabisa.

Utatoa tu. Na aliyetuandikia hii stori, al-Jahiz, mtu wa Basra mwenyewe na mmoja wa waandishi wakubwa kabisa wa Kiarabu, anasema wazi kuwa na yeye alishalizwa kwa staili hiyo hiyo. Kumbe ulimi ulikuwepo muda wote, mkubwa kama wa ng'ombe, jamaa alikuwa anajua kuuficha.

Sasa hapo ndo pa kuanzia, maana Babak hakuwa mtu wa hadithi. Aliongoza uasi Azerbaijan dhidi ya makhalifa wa Abbasi kuanzia 816 hivi mpaka akakamatwa 837, akauawa Samarra mwaka uliofuata, kwa hiyo kwa miaka 20 jina lake ndo lilikuwa habari ya mjini, watu wa Basra wanasikia vijiji vimechomwa na watu wameuawa ila wengi wao hawajawahi kufika huko wakaona kwa macho. Tapeli hakuhitaji kutunga kitu kipya, alichukua hofu ambayo tayari ilikuwa imekaa kifuani kwa watu akaivaa kama nguo.

Hawa jamaa kwenye vitabu vya Kiarabu wanaitwa Banu Sasan, yaani Wana wa Sasan, na wametajwa kwa karne kadhaa mfululizo, kuanzia zama za huyo al-Jahiz (alifariki 868 au 869) mpaka karne ya 13 na kuendelea. Nimewasoma muda mrefu na kila nikirudi kwao naona watu wengi wanawaelewa vibaya, wengine wanawafanya kama genge moja kubwa lenye bosi mmoja, wengine wanasema ni utani wa waandishi tu hawakuwepo. Ukweli umejikunja zaidi ya hapo.

Tuanze na jina. Kuna stori mbili. Ya kwanza inasema Sasan alikuwa mtoto wa mfalme wa kale wa Uajemi, Bahman, baba yake akamnyima ufalme akampa mwanamke, Humay, basi Sasan akaondoka na uchungu wake akaenda kuishi porini na kondoo, na kila mtu wa kutangatanga baada yake akawa anajiita mwanawe. Ya pili inahusu ukoo wa wafalme wa Kisasani, ambao dola lao lilianguka mbele ya Waarabu na mfalme wao wa mwisho akauawa 651: inasemekana baada ya hapo walitokea watu wanapita mijini wakidai ni damu ya kifalme iliyofilisika, naomba msaada. Mi hii ya pili inanivutia zaidi, kwa sababu kama ni kweli basi hata jina lenyewe lilianza kama utapeli, yaani mtu anajiita mwana wa mfalme ili apewe mkate.

Na jina hilo halikuwa la kundi moja. Chini yake walitiwa ombaomba wa kweli na wa kuigiza, waganga wa meno wa barabarani, waandika hirizi, wachezesha nyani, wasimulizi wa visa vya manabii sokoni, wanaodai wametoka vitani, wanaodai wametoroka utumwani. Kilichowaunganisha ni maisha ya njiani na lugha yao ya siri, misamiati ambayo mtu wa kawaida akiisikia haambulii kitu. Karne ya 10 msafiri na mshairi mmoja, Abu Dulaf, aliandika shairi refu karibu beti 200 lililojaa maneno hayo, beti nyingi zinataja aina fulani ya ujanja, na yeye mwenyewe anajihesabu humo ndani kwa majigambo. Na unajua nani alilipenda sana hilo shairi? Waziri. Al-Sahib ibn Abbad, waziri mkubwa wa watawala wa Kibuya (ukoo wa Kiajemi) kule Rayy, karibu na Tehran ya leo, mtu msomi kupita kiasi, alikuwa anafurahia lugha ya matapeli kama watoto wa matajiri wanavyofurahia lugha ya vijiweni. Hilo tulishike, maana linatuambia hizi habari zilikuwa zinaandikiwa nani.

Kwenye shairi hilo kuna mchezo mmoja ambao kwangu unaeleza zama zile kuliko vitabu vingi vya historia. Watu wawili wanasimama barabara moja, mmoja upande huu anasimulia fadhila za Ali, mwingine upande wa pili anasimulia fadhila za Abu Bakr, Mshia anatoa dirham yake, sarafu ya fedha, huku, mpinzani wake anatoa dirham yake kule, kila mmoja anatoa kwa hasira kidogo kumshinda wa ng'ambo, alafu usiku wale wawili wanakaa chini wanagawana. Wakati huohuo Baghdad mitaa ilikuwa inapigana kweli kwa tofauti hizo, watu wanachomeana masoko.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho naona ndo ufunguo wa yote. Kurani, Surat At-Tawba aya ya 60, imetaja makundi nane yanayostahili zaka: mafakiri, masikini, wanaoikusanya, wanaolainishwa nyoyo, wa kukombolewa utumwani, wenye madeni, walio katika njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyekwama. Weka hiyo orodha pembeni alafu soma aina za matapeli walizoandika kina al-Jahiz na Abu Dulaf. Yupo anayesimama njia ya Makka karibu na mzoga wa punda au ngamia, anasema huyu mnyama alikuwa wangu kafa hapa nimebaki sina pa kwenda: huyo ni msafiri aliyekwama. Yupo anayesema mwanangu yuko mikononi mwa Warumi (yaani Wabizanti, Wakristo wa Constantinople) nachangisha fidia, yupo anayejifanya mpiganaji wa mpakani anatafuta pesa ya farasi na silaha, na yupo wa kilema na upofu. Karibu kila aliyetajwa na Mungu kwenye ile aya alikuwa na mtu wa kumuigiza barabarani. Hawakufanya hivyo kwa kubahatisha, walikuwa wanajua dini vizuri kuliko wengi waliokuwa wanawapa, wanajua mtu akisikia neno fulani moyo wake unaona ni wajibu, na akikataa anaogopa kwa sababu Surat Adh-Dhuha imeshamwambia mwombaji usimkaripie. Ndo maana mi sikubaliani na wanaosema watu wa zamani walikuwa wajinga, walilizwa kwa sababu walikuwa wanajali.

Kazi yenyewe ilikuwa na ufundi wa kushangaza. Al-Jahiz anaeleza mmoja anayefunga mguu au mkono wake kwa kamba kwa nguvu, analala hivyo usiku kucha, asubuhi umevimba na damu imeganda, anapaka sabuni kidogo pamoja na ule utomvu mwekundu wa mti ambao Waarabu wanauita damu ya ndugu wawili, unaotoka kisiwa cha Socotra, anadondoshea samli, anafunika na kitambaa lakini anaacha sehemu iko wazi, anayepita anaona nyama inaoza na inatoa usaha. Ile sehemu ya wazi ndo akili yenyewe, angefunika yote usingeona, angeacha yote wazi ungekagua. Mwingine anajiangusha anatoa mapovu mpaka unaamini ana wazimu usio na dawa. Mwingine ni fundi wa kujifanya kipofu, macho yanaonekana yameingia ndani au yana maji. Yupo anayetembea na vijisarafu mkononi anakwambia hizi nimeshachangiwa za kununulia blanketi, bado kidogo tu niongezee.

Na yupo mmoja nadhani ndo bingwa wao, huyu hana kidonda wala chozi. Amevaa vizuri, anakuvizia njiani kama anayekufa kwa aibu, anaangalia huku na huku asije akaonwa na mtu anayemfahamu, alafu anakunong'oneza shida yake. Yeyote aliyewahi kukaa stendi ya mabasi akasogelewa na mtu mwenye shati safi aliyeibiwa pochi anahitaji nauli tu afike nyumbani, anamjua huyo mtu, kasoro miaka 1,150.

Lakini kuna aina moja siwezi kuipita haraka na sipendi inavyosimuliwa kwa kuchekesha. Al-Jahiz anataja mtu ambaye kazi yake ni kumharibu mtoto mchanga, anampofusha au anampinda mkono, ili wazazi wamtumie kuombea. Wazazi wenyewe wanamleta na wanalipa bei kubwa, kwa sababu mtoto baada ya hapo anakuwa kama shamba, mali inayoingiza. Wanaomba naye wao au wanamkodisha kwa kodi inayojulikana, na wengine waliwakodisha watoto kwa watu wanaosafiri mpaka Ifriqiya, yaani Tunisia ya leo na jirani zake, wakaomba nao njia nzima, na mkodishaji kama hakuwa mtu wa kuaminika lazima aweke mdhamini. Soma tena hiyo, mdhamini wa mtoto aliyelemazwa. Ule mkataba unaonyesha ilikuwa biashara yenye taratibu zake, na katikati yake kuna mtu asiyeongea anayelipia yote kwa mwili wake. Kwangu hapo ndo mwisho wa kuwaita hawa watu wajanja wa kupendeza.

Tuje kwenye msikiti, maana huko ndo kulikuwa na hela. Al-Hamadhani, aliyefariki 1008, aliandika visa vya kubuni vya mzururaji mmoja fasaha, na kimoja kinatokea Isfahan. Msimulizi ana haraka, msafara wake unaondoka, imamu anarefusha kisomo, mwisho salamu inatolewa na yeye anataka kutoka mbio. Mtu anasimama anasema nimewaletea bishara kutoka kwa Mtume wenu, ila sitaisema mpaka Mungu ausafishe huu msikiti na kila mtu duni anayekana utume. Hapo nani atanyanyuka? Ukitoka wewe ndo huyo duni. Baada ya kuwafunga wote bila kamba anawaambia nimemuota Mtume, amenifundisha dua, nimeiandika kwenye vikaratasi kwa zafarani na miski, anayetaka bure nampa, anayetaka kurudisha gharama ya karatasi napokea. Dirham zikamwagika mpaka akachanganyikiwa. Kisa ni cha kubuni ndiyo, ila mbinu ile ya kuwafunga watu kwanza kwa aibu alafu ndo uwauzie haijabuniwa, aliyeiandika alishaiona mahali.

Mfuasi wake mkubwa, al-Hariri wa Basra (1054 hadi 1122), naye inasimuliwa kuwa shujaa wake Abu Zayd alimtoa kwa mtu halisi. Mzee fasaha aliingia msikiti wa Banu Haram, mtaa wa Basra, akaomba, akasema binti yake ametekwa na Warumi, watu wakalia. Jioni wakubwa wa mji wakakutana nyumbani kwa al-Hariri, akawasimulia, kumbe kila mmoja kamuona huyo huyo mzee kwenye msikiti wake, na nguo nyingine, na kisa kingine, na maneno matamu kuliko hayo. Visa alivyoviandika vikawa 50 na vikapendwa ajabu, nakala moja iliyochorwa picha na al-Wasiti mwaka 1237 ipo Paris mpaka leo, ukitazama zile picha unaona misikiti, masoko, ngamia, na yule mzee mwenye ndevu nyeupe kila mahali kavaa tofauti.

Karne ya 13 tunampata al-Jawbari, mtu wa kijiji cha Jawbar karibu na Damascus, ambaye alizunguka sana na kuandika kitabu kizima cha kufichua siri za matapeli kwa kuombwa na mtawala wa Kiartuki, ukoo wa Kituruki. Anasema alishuhudia hiki Harran, mji wa kusini mwa Uturuki ya leo. Ijumaa msikitini anaingia nyani kavaa nguo za kifalme, ananukia, kaja juu ya nyumbu na watumwa, anatandikiwa mswala, anasalimia watu, anapiga mswaki, anaswali rakaa mbili, anavuta tasbihi. Mtumwa anasimama anaeleza: huyu ni mtoto wa mfalme wa India, mke wake kamroga kwa wivu, na sasa mke anadai dinari laki moja ndo amrudishe ubinadamu, tumeshachangiwa nyingi zimebaki kidogo. Nyani anasikia hivyo anafunika uso kwa leso anaangua kilio. Msikiti mzima ulitoa.

Na wakubwa je? Al-Jawbari anasimulia habari ya Mwajemi mmoja aliyefika Damascus enzi za Nur al-Din, sultani yule aliyepigana na Wanamsalaba. Jamaa akasaga dinari 1,000 za dhahabu kuwa unga, akachanganya na mkaa na madawa na gundi ya samaki, akafinyanga vidonge, akavaa kimasikini akaenda kumuuzia muuza dawa kwa dirham chache akisema ni dawa inaitwa tabarmaq kutoka Khurasan, mashariki ya Uajemi. Alafu akarudi mjini kwa nguo za kitajiri, akajulikana kama fundi wa kutengeneza dhahabu, sultani akaitikia, akapewa orodha ya vitu vya kutafuta na kimoja ni hiyo tabarmaq, wakazunguka mji mzima wakaipata kwa muuza dawa yule tu, ikatiwa kwenye moto, dhahabu ikatiririka mbele ya macho ya sultani. Kilichofuata unakijua, tabarmaq imekwisha, nyingine iko Khurasan, sultani akampakilia msafara wa mali akamtuma, na hakurudi. Mtu mmoja mjini akaanza kuandika orodha ya wapumbavu, jina la juu sultani mwenyewe, akaitwa ajieleze, akasema Mwajemi akirudi nitafuta jina lako niandike lake.

Hiyo stori naiweka hapa kwa sababu inavunja wazo kwamba waliolizwa ni masikini wa akili. Mbinu ni ile ile ya mwadhini asiye na ulimi: mpe mtu nafasi ya kujionea mwenyewe. Yule wa Basra alichungulia mdomo na Nur al-Din akaangalia chungu.

Kwanini walikuwa wengi hivyo? Waandishi wa zamani wanaelekea kusema ni uvivu na tabia mbaya, mi naona angalia ramani. Tarsus, mji mkubwa wa mpakani, ulichukuliwa na Wabizanti 965 na Waislamu wake wakatawanyika. Baghdad iliingiliwa na majeshi ya Kibuya 945 baada ya miaka ya fujo na ukata. Baadaye zikaja vita vya msalaba. Kwa hiyo barabara zilikuwa zimejaa watu waliopoteza nyumba kweli, mateka waliorudi kweli, wapiganaji walemavu kweli. Tapeli anaishi kwenye kivuli cha hao. Bila mateka wa kweli hakuna mateka wa uongo, na sidhani mstari kati yao ulikuwa umenyooka, mtu anaweza kufika Basra mkimbizi wa kweli, stori yake ya kweli ikashindwa kumpa chakula, akaongeza chumvi.

Serikali nayo ilijaribu. Mkaguzi wa soko, muhtasib, alipewa kazi ya kuwazuia wanaoomba bila haja, al-Mawardi (alifariki 1058) anaandika kuwa mtu mwenye mali au mwenye nguvu ya kufanya kazi akikutwa anaomba akemewe na kuadhibiwa. Sawa, lakini utajuaje? Uingereza ya karne ya 16 ilikutana na swali hilohilo ikajibu kwa ukatili zaidi, sheria ya 1547 iliruhusu mzururaji achomwe alama ya herufi V kifuani na kutumikishwa miaka 2, na huko nako 1566 alikamatwa mtu London, Nicholas Jennings, aliyekuwa anajifanya ana kifafa kwa kutafuna sabuni ili atoe mapovu. Mapovu yale yale ya Basra, miaka 700 baadaye. Ujerumani, Martin Luther aliandika dibaji ya kitabu cha kuwafichua ombaomba wa uongo, 1528, akakiri na yeye wameshamliza.

Na sisi tumebaki na mabaki yao mdomoni. Ayari, kwa maana ya mjanja mdanganyifu, ni neno la Kiarabu lililotumika kwa wahuni wa mitaa ya Baghdad. Abunuwasi wetu wa hadithi za bibi, anayemshinda sultani kwa hila, jina lake ni la mshairi wa kweli aliyesoma Basra na kuishi Baghdad enzi za Harun al-Rashid. Hata fulusi ni ile sarafu ya shaba waliyokuwa wanaombea.

Na fulusi inanirudisha kwa Khalid ibn Yazid. Al-Jahiz anasema huyu alikuwa tajiri bahili aliyekaa kati ya Banu Tamim, kabila la Kiarabu, na hawakumjua vizuri. Siku moja kakaa na watu, ombaomba akapita, akaingiza mkono kwenye mfuko ampe fulusi, kwa bahati mbaya akatoa dirham ya fedha, akagundua imeshafika mkononi mwa yule mtu. Akaichukua. Akampa fulusi. Waliokaa naye wakashtuka, wakamwambia hii haifai, ni aibu, akajibu pesa hii sikuikusanya kwa akili zenu nije niitawanye kwa akili zenu, na huyu si masikini wa dirham, huyu ni wa fulusi, namjua kwa kumtazama tu. Wakamuuliza kumbe unawajua ombaomba? Akasema nisiwajueje, na mimi ujanani nilikuwa mmoja wao, na akaanza kuwatajia aina zote alizowahi kuzishinda. Ndo hotuba ambayo, pamoja na maelezo ya al-Jahiz mwenyewe, imetupa karibu kila kitu tunachokijua kuhusu ulimi, kidonda, upofu na yule mtoto wa kukodisha. Wote wakageuka kumsikiliza yeye. Yule mwombaji aliyebaki na fulusi moja mkononi al-Jahiz hakumwandika tena, kama alikuwa anaigiza au alikuwa na njaa.